Nani Anamtegemea Nani?

Mpaka katikati ya miaka ya 1980, sheria ya ustawi wa jamii ya Ireland ilimhesabu mwanamke aliyeolewa kuwa tegemezi wa mumewe. Haikuuliza kama ana kazi. Haikuuliza nani ananunua mkate wala nani analipa pango. Mume akipoteza ajira, serikali ilimwongezea fedha kwa ajili ya mke, hata kama mke huyo aliamka kila asubuhi kwenda kazini na kurudi na mshahara wake mwenyewe. Mke naye akipoteza ajira, alilipwa kiwango cha chini kuliko cha mwanamume, tena kwa muda mfupi zaidi, na hakuweza kudai nyongeza kwa ajili ya mumewe isipokuwa mume awe hajiwezi kwa maradhi ya mwili au ya akili. Yaani mwanamume alihesabiwa tegemezi pale tu alipovunjika. Mwanamke alihesabiwa tegemezi tangu siku ya ndoa.

Naanza na sheria hiyo ya mbali kwa sababu ilisema waziwazi jambo ambalo sheria nyingi husema chini kwa chini. Tukizungumza juu ya fedha ambazo serikali huwapa watu wazima wasio na kipato chao, au mzazi anayelea peke yake, mazungumzo yetu huishia kwenye kiasi: ni shilingi ngapi, zinanunua kilo ngapi za unga, hazina itaubeba mzigo huo mpaka lini. Maswali hayo ni ya haki, na mwenye njaa ana kila sababu ya kuyatanguliza. Lakini kabla fedha haijatoka, mtu fulani mahali fulani ameshaamua jambo jingine. Huyu anayelipwa ni nani? Amesimama peke yake au ameegemea? Amemwegemea nani, na aruhusiwe kuegemea mpaka lini? Kila malipo ya namna hii ni jibu. Nataka tulitafute swali lake, tuone kama liliulizwa vizuri.

Tukisema mtu ni tegemezi, tunasema nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba ni mtu anayekula asichokitafuta. Wahenga hawakumhurumia: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na mgeni hukirimiwa siku mbili, ya tatu akapewa jembe. Mwalimu Nyerere aliutumia msemo huo wa mgeni na jembe katika insha yake juu ya Ujamaa ya mwaka 1962, akionyesha kwamba jamii ya zamani haikumpa nafasi mvivu wala mnyonyaji. Miaka mitano baadaye Azimio la Arusha likataja kwa ufupi watu wanaostahili kuishi kwa jasho la wengine: watoto wadogo, wazee waliochoka, wasiojiweza kwa ulemavu, na wale ambao dola kwa wakati fulani imeshindwa kuwapatia kazi ya kujipatia riziki. Wengine wote wafanye kazi.

Ni orodha yenye utu, na kwa nchi maskini ya mwaka 1967 ilikuwa na ujasiri wake. Lakini isome tena polepole. Mtoto mdogo yumo. Mzee aliyechoka yumo. Asiyejiweza yumo. Nani anamwogesha mzee huyo? Nani anamgeuza mgonjwa usiku ili mgongo usichubuke, na nani anakaa na mtoto wa miezi minane ambaye hawezi kuachwa hata kwa muda wa kwenda kisimani? Mtu huyo hamo katika orodha, maana si mtoto, si mzee, na viungo vyake ni vizima. Bila shaka aliwekwa katika kundi la wafanyakazi, na Azimio lenyewe halikumficha: lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote Tanzania, saa 12 au 14 kwa siku, bila Jumapili wala sikukuu. Kazi yake ilionekana na ikasifiwa. Swali la riziki yake binafsi, ile anayoweza kuishika mkononi na kusema hii ni yangu, halikufikiwa.

Utegemezi, ninavyouelewa mimi, ni hali ya mtu ambaye mahitaji yake ya lazima hayawezi kutimia bila tendo la mtu mwingine. Ukiukubali ufafanuzi huo, utaona mara moja kwamba hakuna aliye nje yake. Afisa anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, amekunywa chai asiyoichemsha, ameacha watoto anaojua watakula mchana, ni tegemezi wa hali ya juu kabisa. Ondoa mikono iliyomtayarisha, naye hafiki kituo cha daladala. Hata hivyo karatasi za kodi humwandika kuwa mtu anayejitegemea, na mwenye ile mikono akaandikwa tegemezi wake. Kwa hiyo sheria haizungumzii utegemezi kama ulivyo. Inazungumzia jambo jembamba zaidi, kukosa fedha yako mwenyewe, kisha inalipatia jambo hilo jembamba jina pana. Anayetegemea mikono ya watu husamehewa. Anayetegemea mfuko wa mtu hutiwa alama.

Hatuwezi kuishia hapo, kwa sababu mfuko na mikono havilingani nguvu. Mwenye fedha anaweza kununua mikono mingine; mwenye mikono, akiwa amefungwa na mtoto au mgonjwa, hawezi kwenda kutafuta mfuko mwingine. Mwanasheria wa Marekani, Martha Fineman, amelitenganisha jambo hili kwa namna inayofaa kufuatwa. Upo utegemezi usioepukika, wa mtoto, wa mgonjwa, wa mzee. Huo umo katika maumbile, na kila mmoja wetu ameshaupitia au ataupitia. Na upo utegemezi wa pili, unaozaliwa na ule wa kwanza: wa yule anayemhudumia asiyejiweza. Akiwa amembeba mtoto, hawezi kuuza nguvu zake sokoni. Hakuzaliwa tegemezi wala hakuvunjika. Kazi ndiyo iliyomfanya awe tegemezi. Ule utegemezi wa kwanza tunauonea huruma. Huu wa pili ndio tunaoutilia shaka, tukiuliza kwa nini mtu mwenye afya yake hajitafutii.

Eva Feder Kittay, mwanafalsafa wa hukohuko Marekani aliyemlea binti mwenye ulemavu mzito, aliijenga hoja yake ya haki juu ya hali ya mwanamke aliyejifungua: yeye amtunze mtoto, na mwingine amtunze yeye. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa hili. Mzazi wa kwetu ana arobaini yake. Haingii jikoni. Mama yake, au shangazi, au somo wake, humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji wa pilipili manga, humpokea mtoto usiku ili naye apate kufumba macho. Hakuna anayesema mwanamke huyo anakula cha bure. Kila mtu nyumbani anaelewa kwamba chakula anachopewa kinapita kwake kwenda kwa mwingine, na kwamba aliyechoka kwa ajili ya mtu hana budi kupumzishwa na mtu.

Arobaini inapokwisha, je, haja nayo imekwisha? Mtoto wa siku 41 hajawa mwepesi kuliko wa siku 40. Mama mwenye mume, mwenye mama mkwe, mwenye ndugu karibu, huendelea kupokewa mzigo kwa njia nyingine zisizo na jina. Yule aliyebaki peke yake, anayeitwa mitaani singo maza, kwa sauti ambayo mara nyingi ina dharau ndani yake, hukabidhiwa mtoto, jiko na utafutaji siku hiyohiyo. Malipo kwa familia ya mzazi mmoja, yakieleweka vizuri, ni jamii nzima kukubali kwamba arobaini ya mtu huyo haijaisha. Sioni maana nyingine iliyo na heshima zaidi ya hiyo.

Lakini serikali zimeyaelewa hivyo? Turudi Ireland. Mwaka 1935 nchi hiyo iliweka pensheni ya wajane. Mwaka 1970 ikaja posho ya mke aliyetelekezwa. Mwaka 1973 posho ya mama asiyeolewa. Mwaka 1974 posho ya mke wa mfungwa. Zitazame posho hizo pamoja. Haja ya wengi wa wanawake hao ilikuwa moja: kuna mtoto, kuna siku nzima ya kumlea, hakuna fedha. Serikali haikuipanga haja yao kwa umri wa mtoto wala kwa uzito wa kazi. Iliipanga kwa namna mwanamume alivyokosekana: amekufa, ametoroka, hakuoa, yuko jela. Mwanamke alipofika dirishani, swali la kwanza halikuwa unahitaji nini, lilikuwa mwanamume amekwenda wapi. Malipo yaliziba pengo la mwanamume, na mwanamke akawa mahali ambapo pengo hilo lilionekana. Mpaka mwaka 1990 ndipo majina hayo mengi yalipoanza kukusanywa chini ya posho moja ya mzazi aliye peke yake, na baba anayelea akaingizwa humo. Mwaka 1997 ikageuzwa kuwa malipo ya familia ya mzazi mmoja, jina linalotumika mpaka leo. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kwa dola kuacha kumtazama asiyekuwepo na kumtazama aliyepo.

Hata hivyo nisije nikaidharau ile posho ya 1973 kwa ajili ya jina lake. Kabla yake, msichana wa Ireland aliyepata mimba nje ya ndoa alikuwa na njia chache za kupita, na nyingi ziliishia kwenye milango ya taasisi. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake Januari 2021 ilipitia taasisi za mama na mtoto kati ya mwaka 1922 na 1998: wanawake wapatao 56,000 walipitia humo, na watoto wapatao 57,000. Watoto wapatao 9,000 walikufa. Waziri Mkuu Micheál Martin alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya dola. Sababu za maafa yale ni nyingi, zikiwemo aibu, mafundisho ya dini yaliyogeuzwa fimbo, na ukatili wa familia zenyewe. Lakini chini ya sababu zote kulikuwa na jambo la kawaida mno: msichana hakuwa na fedha ya kumlisha mtoto nje ya ukuta ule. Posho ilipokuja, ndogo kama ilivyokuwa, kwa mara ya kwanza alikuwa na jambo la kuchagua. Sehemu ya watoto wa kina mama hao waliotolewa kuasiliwa na familia nyingine ilishuka sana katika miaka iliyofuata. Aibu haikuwa imefutika kijijini. Ila aibu pekee, bila njaa kuisaidia, haikuweza tena kumnyang'anya mama mtoto wake.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kuwa fedha na utu ni mambo ya ngazi mbili tofauti, kwamba tukizungumza fedha tumeshuka. Uhuru, ukiupima kwa maisha ya mtu mmoja, ni uwezo wa kusema hapana na kesho yake ukaamka ukiwa hai na mwanao. Asiye na kitu husema ndiyo hata kwa jambo linalomuua. Posho ile ilikuwa bei ya hapana.

Kila fungu, hata hivyo, huja na masharti, na masharti ndiyo mahali pa kuusoma moyo wa mtoaji. Mzazi anayepokea malipo hayo Ireland hatakiwi kuishi na mwenza. Ukiifikiria kwa utulivu, kanuni hiyo ina hoja yake: watu wazima wawili hugawana pango na kuni, na si haki kumpa aliye na wa kumsaidia kama asiye naye. Naikubali hoja hiyo nusu. Nusu nyingine inanisumbua. Inachukulia kwamba mwanamume akishaingia ndani, fedha yake imeingia pia, na kwamba mapenzi huleta matunzo moja kwa moja. Tena humfanya mama achague kati ya kuwa na mwenzi na kuwa na riziki yake mwenyewe, uchaguzi ambao hatumpi mstaafu yeyote wa serikali. Kuhusu fedha za matunzo zinazotoka kwa baba wa mtoto, Ireland imeshajirekebisha: tangu Juni 2024 hazihesabiwi tena katika kupima kipato cha mama, na hivyo kile ambacho baba anampa mtoto wake kinabaki kuwa cha mtoto.

Kisha kuna sharti la wakati. Zamani malipo hayo yaliweza kuendelea mpaka mtoto wa mwisho afikishe miaka 18, au 22 akiwa masomoni. Kwa mabadiliko yaliyokamilika mwaka 2015, yanakoma mtoto huyo anapotimiza miaka 7, na mzazi huhamishiwa kwenye malipo ya mpito mpaka mtoto afike 14, huku akitazamiwa kujiandaa kwa kazi. Nani anajua ulezi unakwisha lini? Waliotetea mabadiliko hayo walisema kazi ya mshahara ndiyo njia ya kutoka kwenye ufukara, na kwamba mama aliyekaa miaka 18 nje ya soko la ajira huachwa hana kitu siku malipo yanapokatika. Hoja hiyo si ya kubezwa. Mimi mwenyewe naamini kazi humpa mtu zaidi ya mshahara. Lakini wakati wa sheria na wakati wa mtoto havisomwi kwenye kalenda moja. Mtoto wa miaka 7 hutoka shule mchana, huugua homa bila taarifa, huogopa giza. Kumwambia mama sasa umekuwa huru kutafuta ni kweli tu ikiwa kuna mtu mwingine wa kumpokea mtoto, na gharama ya mtu huyo isimeze mshahara wote. Pasipo hivyo, sheria imebadilisha jina la mama tu, kutoka mlezi kuwa mtafuta kazi, na kazi yake ya jana imebaki mikononi mwake vilevile.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini: jina. Malipo yameandikwa kwa jina la nani?

Uingereza, mwanasiasa Eleanor Rathbone alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akidai kwamba posho ya watoto ilipwe kwa mama. Mwaka 1924 alichapisha kitabu akieleza jinsi mfumo wa mshahara, unaodhani kila mwanamume ana familia na kila familia ina mwanamume mwema, unavyowapora kina mama na watoto. Muswada ulipofika bungeni mwaka 1945, serikali ilikuwa imemwandika baba kuwa mpokeaji. Rathbone alitishia kuupinga muswada aliokuwa ameupigania miaka yote hiyo. Bunge likabadilisha, na malipo yakaandikwa kwa mama. Alifariki Januari 1946. Fedha za kwanza, shilingi tano kwa wiki kwa kila mtoto baada ya wa kwanza, zilianza kutoka Agosti mwaka huo. Ireland iliyoanza posho ya watoto mwaka 1944 iliwalipa kina baba, na ilichukua miaka 30, hadi 1974, kuihamishia kwa kina mama.

Mtu atauliza: kuna tofauti gani, ikiwa fedha ni ileile na nyumba ni ileile? Tofauti ni kwamba fedha inayopita mkononi mwa mwingine hufika ikiwa imebadilika. Ilitoka hazina ikiwa haki. Inapotoka mfukoni mwa mume inakuwa fadhila. Haki ni kile ambacho mtoaji hana ruhusa ya kukuzuilia na mpokeaji halazimiki kukishukuru kwa magoti. Fadhila ni kile ambacho mtoaji angeweza kutokutoa, na kwa hiyo humfanya mpokeaji adaiwe shukrani isiyo na kikomo. Kutoa ni moyo, wahenga walisema, usambe ni utajiri, na kweli moyo una thamani yake kubwa katika maisha ya watu. Ila mkate wa mtoto haufai kungoja moyo wa mtu uamke vizuri.

Mpaka leo Ireland ina nyongeza ya malipo kwa ajili ya mtu mzima anayemtegemea mpokeaji mkuu. Mara nyingi ni mke mzee ambaye hakuchangia mfuko wa pensheni kwa sababu miaka ya kuchangia aliitumia jikoni na kwenye vitanda vya wagonjwa. Tangu Septemba 2007, nyongeza hiyo katika maombi mapya ya pensheni ya uzeeni huandikwa kwa kawaida kwa jina la mtu huyo mwenyewe. Ni badiliko dogo la kiofisi. Lakini jaribu kuwaza kikongwe wa miaka 70 ambaye tangu aolewe hajawahi kupokea senti isiyopitia kwa mumewe, naye anapewa kitu chenye jina lake. Serikali haikumwongezea chochote. Ilikiri tu kwamba yupo. Na wanawake wawili, Ann Cotter na Norah McDermott, walioipeleka serikali yao hadi Mahakama ya Ulaya wakadai kulipwa sawa na wanaume waliooa, na wakashinda mwaka 1987 na tena 1991, sidhani kama walipigania fedha peke yake. Makumi ya maelfu ya wake wa Ireland walilipwa malimbikizo baada ya mapambano hayo.

Kwetu je? Wapo wanaosema habari hizi ni za Wazungu waliopoteza ukoo, na kwamba sisi tuna shangazi, tuna mjomba, tuna kaka mkubwa mjini. Najua ukweli uliomo katika maneno hayo, kwa kuwa wengi wetu tumesomeshwa na mtu ambaye hakuwa baba. Lakini ukoo nao una masharti yake, na hayaandikwi popote. Binti anayerudi nyumbani na mtoto mgongoni hupewa chumba, kisha hupewa kazi zote za nyumba, kisha hukumbushwa. Hapo ndipo ule msemo wa mtegemea cha nduguye unapouma, maana umaskini unaozungumzwa humo si wa mali tu. Na msemo mwingine hujibu: mla cha mwenzie na chake huliwa. Wa kwanza unamwonya anayepokea. Wa pili unamwambia kwamba atapokea leo na kutoa kesho, na hakuna aibu katika mzunguko huo. Kati ya hiyo miwili, wa pili ndio unaofaa kuwa msingi wa sheria.

Tumewahi kuandika sheria mbaya zaidi kuliko za Ireland. Kenya ilikuwa na sheria ya mwaka 1959 iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto matunzo mahakamani. Bunge liliifuta mwaka 1969, Bunge ambalo halikuwa na mbunge mwanamke hata mmoja wa kuchaguliwa. Grace Onyango, wa kwanza, alichaguliwa katika uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo, sheria ikiwa imeshazikwa. Kwa miongo minne mtoto wa mama yule alikuwa wa mama peke yake machoni pa dola. Katiba ya 2010 ndiyo iliyorudisha wajibu wa wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawakuoana. Na katika Ibara ya 43 ikaongeza jambo ambalo kila nikilisoma naliona kubwa: Serikali iwapatie hifadhi ya jamii watu wasioweza kujikimu wao wenyewe na wategemezi wao. Waandishi wa ibara hiyo waliona kile ambacho orodha ya Arusha haikukiona, kwamba mtu mmoja aweza kuwa anaegemea na ameegemewa kwa wakati mmoja, na kwamba ukimwangusha yeye hujaangusha mmoja.

Utekelezaji uko nyuma ya maandishi. Katika mpango wa Inua Jamii wa Kenya, mwenye ulemavu mzito hupangiwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mlezi huzipokea kwa niaba yake. Mlezi yumo kama mkono wa kupokelea. Kwa siku anazozitoa, yeye mwenyewe hana fungu. Tanzania, katika mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF, kaya hujulikana kuwa maskini kwa mkutano wa kijiji kukubali kwamba ndivyo. Naelewa sababu: fedha ni kidogo na majirani wanajuana. Lakini fikiria bibi anayesimama mbele ya kijiji ili ikubaliwe hadharani kwamba watoto wake hawamtunzi. Anapokea ruzuku, na kwa mkono huohuo anatoa heshima ya wanawe. Zanzibar ilichagua njia nyingine Aprili 2016, ilipoanza Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye zikapandishwa hadi 50,000, bila kumuuliza ana mali gani wala wanawe wako wapi. Zinatosha? Hazitoshi. Ila mzee wa Makunduchi hazipokei kwa kuwa ametupwa. Anazipokea kwa kuwa amefika miaka 70, na mwanawe anayempelekea samaki jioni ana nafasi yake palepale.

Kwa hukumu yangu, malipo yoyote ya ustawi yapimwe kwa jambo hili kabla ya kiasi chake: je, yanamlipa mtu kwa sababu ya anachofanya na alichonacho mikononi, au kwa sababu ya mtu aliyemkosa? Mama anayelea peke yake, mke anayemuuguza mume aliyepooza, dada aliyeacha kazi ili amtunze mama mzee, wote wanafanya kazi ambayo ikisimama kwa siku moja nchi nzima inatikisika. Wastahili fungu lenye majina yao.

Nawe msomaji, uwe mjumbe wa kamati ya kijiji, karani wa dirishani au jirani tu, siku mwanamke mwenye mtoto mgongoni atakapokuja kuuliza utaratibu wa kupata msaada, usianze kwa kumuuliza baba wa mtoto yuko wapi. Muulize anaitwa nani, uliandike jina hilo kwa usahihi, kisha umwonyeshe pa kwenda.